Kuchinja Probox, Kujenga Gari la Wazi

Mikokoteni ya punda inayosambaza maji na magunia katika mitaa ya Eldoret huviringika juu ya ekseli za magari yaliyokwisha kazi. Trela nyingi zinazovutwa na trekta katika mashamba ya Uasin Gishu zilichomelewa na mafundi wa jua kali, kwa magurudumu na springi za pikapu zilizozeeka. Mji huu umezoea kuchinja gari moja ili kupata kitu kingine. Kwa hiyo fundi wa Eldoret anaposema anataka kujijengea rodista, yaani gari la wazi la viti viwili, jepesi, la kukata kona na upepo ukimpiga usoni, hasemi jambo geni. Anataka kupanda hatua moja juu ya kazi ambayo gereji za hapa zinaifanya kila wiki.

Makala haya yanahusu mpango wa gari hilo: kazi ya penseli, tepu na daftari inayotangulia cheche za kwanza za kuchomelea. Hapo ndipo hatima ya mradi huamuliwa. Fundi anayeanza na gari moja zima la kuchinjwa, lenye logibuku yake na injini inayowaka, ana nafasi nzuri ya kufika barabarani. Anayeanza na injini ya gari hili, giaboksi ya lile, difu ya kutoka skrepa na breki za kuokoteza hujikuta analipia vipande vya kuchongwa kwenye mashine ya lethi, kila kimoja kikijaribu kuunganisha spea mbili ambazo hazikuwahi kukutana kiwandani. Pesa huisha katikati, na fremu humea nyasi nyuma ya nyumba.

Uingereza ililijua hili mapema. Mwaka 1957 Colin Chapman alianza kuuza Lotus Seven, gari la wazi la viti viwili lenye uzito wa chini ya kilo 500. Mnunuzi aliweza kuletewa likiwa vipande akaliunganisha nyumbani, kwa sababu gari la vipande lilikwepa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Injini ya kwanza ilikuwa ya Ford, ya kawaida kabisa. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki za kulitengeneza, na mpaka leo linatengenezwa. Halafu mwaka 1996 Ron Champion akachapisha kitabu cha kumwonyesha mtu wa kawaida jinsi ya kujijengea gari la sura hiyo kwa pauni 250 hivi. Alieleza fremu ya bomba za mraba za inchi moja, akachagua gari moja la kuchinjwa: Ford Escort.

Kwa nini Escort? Kwa sababu wakati huo Escort kuukuu zilikuwa zimejaa Uingereza nzima, injini ikiwa mbele na nguvu ikienda magurudumu ya nyuma, na kila makanika alizijua. Anayetaka kunakili michoro ya Champion hapa Eldoret atatafuta Escort hadi viatu viishe. Kinachofaa kunakiliwa ni swali aliloanza nalo: gari gani limejaa mtaani, linajulikana na kila fundi, na linapatikana kwa bei ya chini kwa kuwa limegongwa mahali ambapo hapahitajiki?

Miaka thelathini iliyopita jibu la Eldoret lingekuwa rahisi. Kulikuwa na Peugeot 504, iliyounganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi na kubeba abiria wa Bonde la Ufa kama matatu. Kulikuwa na pikapu ndogo ya Datsun 1200. Kulikuwa na Toyota DX, ile Corolla ya miaka ya themanini yenye injini ya K, gari ambalo lingeweza kufufuliwa kwa spana nne na waya. Yote matatu yana injini mbele, propela katikati na difu nyuma, mpangilio uleule wa Lotus. Leo DX nzima imekuwa gari la kutunzwa. Kuichinja ni kuondoa duniani kitu ambacho hakitarudi, na hata anayethubutu atakuta kwamba shoki zake za mbele ni ndefu, zimesimama wima, na haziingii chini ya boneti fupi ya rodista bila kubuni upya sehemu yote ya mbele.

Wapenzi wa mwendo hutaja Toyota Altezza. Hawajakosea. Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, ina injini ya lita 2, nyingine zina giaboksi ya mkono ya gia 6, nguvu inaenda nyuma, na mikono ya sospensheni yake ni mifupi ya juu na chini, inayofaa kabisa gari la chini. Tatizo lake ni sheria na kalenda. Kanuni ya Kenya inayoitwa KS 1515 hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa mwaka 2025 mlango ulikuwa wazi kwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2018 na baadaye. Altezza zilizopo nchini ndizo zilizobaki, na wenyewe wanazipenda. Mark X nayo inapatikana zaidi, lakini ni gari zito, lina silinda 6 na giaboksi ya otomatiki, na kuliweka katika gari la watu wawili ni kubeba mzigo ambao mradi ulianzishwa ili kuukimbia.

Linabaki gari ambalo hakuna anayelifikiria kwa ajili ya starehe, ingawa ndilo linalobeba mji. Toyota Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Eldoret inaijua kwa maziwa, kwa miraa, kwa abiria waliobanana kwenda Iten, Kapsabet na Turbo. Injini yake ya lita 1.5, ile 1NZ-FE, inatoa nguvu za farasi 109, na karibu kila duka la spea mjini lina plagi, bushi na padi zake. Gari lenyewe lina uzito wa kilo elfu moja na kidogo. Zinazogongwa nyuma au kubingirika ni nyingi, na kampuni za bima huuza mabaki kwa mnada.

Pingamizi linajulikana. Probox ya kawaida ina injini iliyolala kwa upana mbele, ikizungusha magurudumu ya mbele. Haina propela wala difu ya nyuma. Mpangilio wa Lotus haukubali.

Lakini kuna mpangilio mwingine, na umekwisha kuthibitishwa na viwanda vikubwa. Mwaka 1972 Fiat walitoa X1/9: walichukua injini, giaboksi na shafti za gari lao dogo la familia, Fiat 128, ambalo nguvu yake ilikuwa mbele, wakahamisha kifurushi chote nyuma ya viti viwili. Toyota wenyewe walifanya hivyo mwaka 1984 na MR2, wakitumia injini na giaboksi za ukoo wa Corolla. Magurudumu ya mbele ya gari la kwanza yakawa magurudumu ya nyuma ya gari la pili. Fundi wa Eldoret anaweza kufuata njia hiyohiyo na Probox: kila kitu kilichoko mbele ya kiti cha dereva, kuanzia sabfremu inayobeba injini hadi habu za magurudumu, kinang'olewa kikiwa kizima na kuwekwa nyuma ya mgongo wa dereva. Hakuna shafti ya kukatwa. Hakuna giaboksi ya kulazimishwa kwenye injini ya ukoo mwingine. Hata shoki ndefu, zilizokuwa kikwazo katika DX, hapa zinasimama nyuma, mahali ambapo bodi tayari iko juu.

Kwa upande wa mbele, ambako sasa hakuna injini, zinatafutwa habu na usukani wa Probox ya pili au wa Vitz ya kwanza, kwa kuwa magari haya mawili ni ndugu wa karibu. Fundi mwenye subira hununua Probox mbili: moja iliyogongwa nyuma, ya pili ikiwa mwili uliobingirika bila injini. Kinachobaki, yaani milango, taa, viti vya nyuma na vioo, kinauzwa, kwa sababu Probox za mji huu haziishi kuhitaji milango. Daftari la hesabu linapaswa kuwa na ukurasa wa mauzo hayo tangu siku ya kwanza.

Uchaguzi wa mwaka una maana kubwa. Probox iliyofanyiwa mabadiliko mwaka 2014 ilikuja na otomatiki ya mkanda badala ya gia za mkono. Kwa kuwa kanuni ya miaka 8 inaleta hizo mpya pekee, Probox ya gia tano za mkono inazidi kuadimika kila mwaka unaopita. Anayeiwazia safari hii asikawie kununua gari la kuchinja, hata kama fremu itasubiri.

Sasa siku ya kuchinja yenyewe. Ni siku ambayo wengi huharibu mradi kwa haraka, na madhara huonekana miezi baadaye. Kabla ya spana ya kwanza, injini inawashwa, inaachwa ipate moto, na fundi anasikiliza. Anaandika kila taa inayobaki kwenye dashibodi. Kisha anakaa na mkanda wa karatasi wa wapaka rangi na kalamu ya wino mzito, na kila plagi ya waya inayoachanishwa inapata vibandiko viwili vyenye namba moja: kimoja upande wa waya, kingine upande wa kifaa. Injini hii inaendeshwa na kompyuta, na kompyuta inataka taarifa zake zote: hewa inayoingia, joto la maji, mzunguko wa kranki, oksijeni katika moshi. Waya mmoja ukikatwa kwa sababu ulionekana wa redio, gari litawaka na kuzima, litawaka na kuzima, na fundi wa waya ataitwa mara tano. Funguo ya gari, swichi yake na kompyuta yake vinatoka pamoja na vinakaa kwenye kisanduku kimoja.

Mfumo wa waya hutolewa mzima, hata sehemu zinazoonekana hazina kazi. Kuupunguza ni shughuli ya baadaye, gari likiwa tayari linatembea.

Jambo la pili ambalo mpango usipolitazama litamkamata fundi mwishoni ni breki ya mkono. Probox ina diski mbele na dramu nyuma, na kebo ya breki ya mkono huvuta dramu. Ukihamishia magurudumu ya mbele nyuma, magurudumu hayo yanakuja na diski na kalipa zisizo na mahali pa kushika kebo. Gari litasimama vizuri kwa pedali, halafu likiegeshwa kwenye mteremko litaondoka lenyewe. Ufumbuzi upo: kalipa za nyuma za gari lingine zenye mkono wa kebo, au kalipa ndogo ya pili, ya kuvutwa na kebo peke yake, iliyofungwa kwenye diski ileile. Kila mojawapo inahitaji bati nene la kuishikilia, lililochorwa na kupimwa mapema. Vilevile mgao wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma hubadilika, maana uzito sasa umehamia nyuma. Kuna sababu ya kusisitiza hili. Kutoka Iten kupitia Tambach barabara inashuka kuelekea Bonde la Kerio kwa zaidi ya mita 1,000, kona juu ya kona. Kijana aliyejenga gari la wazi Eldoret atalipeleka huko Jumapili ya kwanza, na hakuna atakayemzuia. Breki zipangwe kwa ajili ya mteremko huo.

Fremu huchorwa sakafuni. Saruji ya gereji inafagiliwa, chaki inachukuliwa, na gari linachorwa kwa ukubwa wake halisi: mahali pa gurudumu la mbele, mahali pa la nyuma, mstari wa katikati. Viti viwili vinawekwa juu ya mchoro, dereva anakaa, ananyoosha miguu, na pedali zinawekwa nyayo zinapofika. Wajenzi wengi huanza na sura ya boneti, kisha wanagundua kwamba mtu wa futi sita hawezi kuingia. Kifurushi cha injini kinasukumwa nyuma ya viti kikiwa juu ya mbao, na hapo urefu wa gari unajitaja wenyewe. Mbao hizo, za bei nafuu za kujengea, zinaweza kugongomewa misumari zikawa fremu ya mfano. Ni rahisi kukata ubao kuliko kukata chuma kilichokwisha kuchomelewa.

Chuma chenyewe kinapatikana Eldoret bila taabu: bomba za mraba za inchi moja, geji 16, zinazouzwa kwa urefu wa karibu mita 6. Kazi kubwa ya mpango ni kuhakikisha kila mraba wa fremu umekatwa na bomba la mshazari, maana pembe tatu hazilegei na pembe nne hulegea. Ugumu uko kwenye uchomeleaji. Fundi aliyezoea geti na trela hutumia mashine ya rodi, na rodi kwenye bomba jembamba la milimita moja na nusu hutoboa kwa urahisi au huacha kiungo kinachong'aa juu huku ndani hakikushika. Mashine ya waya na gesi hufaa zaidi. Asiye nayo afanye kazi ya kukata na kuunga kwa nukta ndogo mwenyewe, kisha amlipe mwenye mashine na mkono wa kuaminika amalizie viungo vinavyobeba sospensheni, mikanda ya viti na chuma cha kinga nyuma ya vichwa. Hapa si mahali pa kubana shilingi.

Eldoret ina hali yake ya hewa, na gari la wazi lisiloijua litabaki gereji. Mji uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake ikilinganishwa na Mombasa; farasi 109 za Probox hapa ni kama 87. Injini ya kabureta huongezewa tatizo la kupewa petroli nyingi kuliko hewa, lakini kompyuta ya 1NZ-FE hupima hewa na kujirekebisha. Maji nayo huchemka mapema: sufuria ya Eldoret inachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kwa gari ambalo radieta iko mbele na injini iko nyuma, na bomba ndefu zikipita kati, kifuniko cha radieta kinachoshika presha sawasawa na mahali pa kutolea hewa kwenye sehemu ya juu kabisa ya mabomba ni mambo ya kuandikwa kwenye mchoro.

Halafu kuna mvua. Katika uwanda huu mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Agosti au Septemba, na nyingi huja alasiri. Kitabu cha Champion kinaweza kuahirisha paa, Eldoret haiwezi. Habari njema ni kwamba mji una washonaji wa maturubai ya malori na mahema, wenye cherehani nzito na vifungo vya shaba, na kazi ya kushona paa la gari la viti viwili kwao ni ya asubuhi moja, mradi fremu ya paa iwe imepangwa na iweze kukunjwa. Tope la barabara za mashambani linataka madigadi yanayofunika gurudumu vizuri. Matuta yanataka gari liwe juu kidogo kuliko Lotus: nafasi ya sentimita 15 chini ya tumbo ni ya busara, hata kama picha za Ulaya zinaonyesha magari yanayolamba lami.

Kama nguvu zinapungua kwa sababu ya mwinuko, kitu kilichobaki mikononi mwa mjenzi ni uzito. Historia ya Safari Rally ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio, gari dogo la sisi 660, akamaliza wa 12 kwa jumla na kushinda daraja lake, huku magari makubwa zaidi yakiachwa njiani. Na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Mkono wa fundi aliyelijua gari lake nati kwa nati ulifanya kazi ambayo pesa za kiwanda hazikuifanya. Rodista ya Probox ikizuiwa isizidi kilo 700, farasi 87 zake zitaisukuma kwa uchangamfu ambao Probox yenyewe haikuwahi kuuota. Kwa hiyo kila spea inapita kwenye mizani kabla ya kufungwa, na uzito wake unaandikwa. Gari likikamilika, mizani ya malori ya wanunuzi wa mahindi itathibitisha jumla.

Kenya na majirani wamejaribu kujenga magari kwa njia nyingine, na majaribio hayo yana ya kufundisha. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya au mwendo wa pole. Februari 1990 Nyayo Pioneer zilionyeshwa Kasarani, magari matano ya mfano. Wahandisi walithibitisha uwezo wao, lakini pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Mobius, kampuni iliyoanzishwa na Joel Jackson, ilichagua fremu ya mabomba ya chuma na gari la barabara mbovu. Agosti 2024 ikatangaza kufunga kwa sababu ya madeni, kisha akapatikana mnunuzi. Uganda walikuwa na bahati nzuri zaidi: Kiira EV, gari la umeme la viti viwili la Chuo Kikuu cha Makerere, lilizinduliwa Novemba 2011, na waliolijenga wakaendelea hadi kuwa na kampuni inayotengeneza mabasi. Dar es Salaam, Machi 2022, mchora katuni na mtangazaji Masoud Kipanya alionyesha gari dogo la umeme alilolibuni.

Mjenzi wa rodista hana haja ya kuuza hata gari moja. Huo ndio uhuru wake mkubwa. Nyayo Pioneer ilibebeshwa matumaini ya taifa zima. Gari la nyuma ya gereji katika mtaa wa Kapsoya, hapa Eldoret, linabeba watu wawili. Mfano ulio karibu naye zaidi uko Ghana. Huko Kumasi, katika mtaa mkubwa wa mafundi uitwao Suame Magazine, msanii Mholanzi Melle Smets na mafundi wa hapo walijenga mwaka 2013 gari lililoitwa Turtle 1, kwa spea kuukuu na ujuzi uliokuwepo mtaani. Msingi wao ulikuwa mafundi walioishi na magari yaliyochoka, wakijua kipi kinavunjika kwanza. Eldoret ina watu wa aina hiyo.

Lililobaki ni gumu kuliko chuma, nalo ni karatasi. Utambulisho wa Probox ni namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati la bodi yake, na bodi hiyo ndiyo inayochinjwa. Kukata kipande chenye namba na kukichomelea kwenye fremu mpya ni njia ya kujiita mwizi mbele ya polisi wa upelelezi, hata kama gari lilinunuliwa kihalali. Kwa hiyo safari ya kwanza ya mjenzi, kabla ya mnada na kabla ya chaki, ni kwenda kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012 na yenye kituo cha ukaguzi hapa Eldoret, akiwa na mchoro mkononi, aombe maelekezo kwa maandishi. Aulize gari litahesabiwa kuwa Probox iliyobadilishwa bodi au gari jipya. Aweke risiti ya kila spea, nakala ya logibuku ya gari la kuchinjwa, na picha za kila hatua ya kazi zikiwa na tarehe. Bima ya mtu wa tatu ni lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, na kampuni ya bima itataka karatasi hizohizo.

Taratibu za Kenya ziliandikwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya gari linaloshuka melini na gari linalotoka kiwandani. Fundi anayejenga gari moja kwa mikono yake anastahili mlango wake. Uingereza imeuweka: gari la kujengwa nyumbani hupelekwa kwenye mtihani wa gari mojamoja, ulioanza kwa jina hilo mwaka 2009 badala ya mtihani uliotangulia, na mkaguzi hupima breki, mikanda, taa, kingo za chuma zinazoweza kumchana mpita njia, hata moshi. Likifaulu linapata namba. Lisipofaulu, mjenzi anapewa orodha ya kasoro na kurudi gereji. Mtihani kama huo ungeweza kuendeshwa hapahapa Uasin Gishu: wakaguzi wa NTSA wapo, Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa 1984 kina wahandisi pale Kesses, na Eldoret National Polytechnic iko mjini. Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji, na bunge la kaunti na wabunge wake wana sauti Nairobi. Mafundi wa jua kali wakipeleka ombi hilo kwa pamoja, wakiwa na gari moja lililokamilika nje ya mlango wa mkutano, breki yake ya mkono ikiwa imelishika kwenye mteremko, watakuwa na jambo la kuonyesha.